Cincinnatus au Cato: ukikabidhiwa dhamana, umfuate Mrumi yupi?

Kiswahili kina neno kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki, lugha ya kwao, na tangu alipoachia urais mwaka 1985 limekuwa neno la kila mtu. Hata mwenyekiti wa timu ya mtaani huambiwa ang'atuke. Warumi wa kale, walipotaka kumfunza kijana jambo hilohilo, walimsimulia habari za mkulima aliyeitwa Cincinnatus. Na walipotaka kumfunza kutonunulika, walimtajia Cato.

Habari za watu hao wawili zimesafiri mbali. Zilimfikia George Washington Marekani, zikawafikia wanamapinduzi wa Ufaransa, na kila mmoja akachota kwa Warumi kile alichokihitaji. Wapo waliochota sumu. Ndiyo maana nawaweka hawa wawili bega kwa bega. Mtu aliyechaguliwa juzi kuwa diwani, mwenyekiti wa ushirika, katibu wa msikiti au mweka hazina wa kanisa anahitaji mfano wa kushika, na mifano hii miwili haifundishi jambo moja. Kuna mahali inaachana kabisa.

Nimeshika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka sita, kwa hiyo ninao upande wangu, na nitausema.

Mkulima wa ng'ambo ya mto

Mwaka 458 KK jeshi la Kirumi lilizingirwa na watu wa kabila la Aequi kwenye mlima Algidus, pamoja na konsuli wake, Minucius. Makonsuli walikuwa wakuu wa dola, wawili kila mwaka. Hofu ilipotanda, ikaamuliwa ateuliwe dikteta. Enzi hizo neno hilo halikuwa tusi. Lilikuwa jina la cheo cha dharura: mtu mmoja anakabidhiwa mamlaka yote, kwa muda usiozidi miezi 6.

Wajumbe wakavuka mto Tiber. Mwanahistoria Titus Livius anasimulia kwamba walimkuta shambani, akichimba mtaro au akilima kwa plau. Shamba lenyewe lilikuwa la jugera 4, kama ekari mbili na nusu za leo. Alikuwa amefilisika kwa kulipa dhamana ya mwanawe Caeso, aliyekimbia kesi. Wajumbe wakamwomba avae toga, vazi rasmi la Warumi, kwanza, ndipo asikie agizo la Seneti, baraza kuu la Roma. Akauliza, "Kuna usalama?" Akamwita mkewe Racilia amletee toga kutoka kibandani, akajifuta vumbi na jasho, akajitanda. Hapohapo wakamsalimu kwa cheo chake kipya.

Akaamuru kila askari abebe chakula cha siku 5 na miti 12 ya kujengea boma. Usiku uleule akawazingira waliowazingira wenzake, na adui akasalimu amri. Siku ya 16 akavua madaraka, akarudi kwenye plau lake. Alikuwa bado na zaidi ya miezi mitano mkononi.

Livius aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya tukio, na wanahistoria wengi wanaona kwamba hadithi imepambwa njiani. Hilo halinisumbui sana, maana kilichowagusa viongozi wa baadaye ni hadithi yenyewe. Linalonisumbua ni mambo mawili ambayo huachwa inaposimuliwa. La kwanza: Livius mwenyewe anasema Cincinnatus angeondoka mapema zaidi, ila alisubiri kesi ya Volscius, yule aliyetoa ushahidi dhidi ya Caeso. Volscius akahukumiwa, akaenda uhamishoni, ndipo dikteta akaondoka. Hata katika siku zile 16 kulikuwa na siku za shughuli ya nyumbani. La pili ni zito zaidi. Mwaka 439 KK, akiwa mzee, aliitwa tena kuwa dikteta kwa sababu tajiri mmoja, Spurius Maelius, alikuwa akigawa nafaka kwa maskini wakati wa njaa, na wakubwa wakashuku kwamba anatafuta ufalme. Msaidizi wa Cincinnatus alimuua Maelius bila hukumu yoyote, na Cincinnatus akamsifu muuaji mbele ya watu.

Kwa hiyo ukimchagua huyu, mchague ukijua. Alijua kuachia madaraka, lakini alipokuwa nayo hakuwa mpole kwa kila mtu.

Aliyemwiga kwa mafanikio makubwa kuliko wote ni Washington. Tarehe 23 Desemba 1783, vita vya uhuru vilipokwisha, alisimama mbele ya Bunge la Marekani mjini Annapolis akarudisha hati yake ya ukamanda mkuu. Waliokuwapo walisema mkono ulioshika karatasi ulikuwa ukitetemeka. Usiku wa kuamkia Krismasi alikuwa nyumbani Mount Vernon. Dunia ya wakati ule ilikuwa imezoea kwamba jemadari aliyeshinda huchukua nchi, na huyu alikuwa na jeshi nyuma yake lenye manung'uniko ya mishahara. Baadaye akawa rais, akakaa vipindi viwili, akaondoka Machi 1797 bila kusukumwa na mtu. Ukifika kwenye jumba la bunge la Virginia mjini Richmond utamwona katika sanamu ya mchongaji Mfaransa Jean-Antoine Houdon: ana fimbo ya kutembelea mkono mmoja, mkono mwingine umelala juu ya fungu la fito 13, moja kwa kila jimbo, na nyuma yake kuna plau.

Plau hilo lataka kutazamwa vizuri. Cincinnatus alilima kwa mkono wake, ekari mbili na nusu. Mount Vernon ilikaribia ekari 8,000, na Washington alipofariki mwaka 1799 watumwa waliokuwa wakiifanyia kazi walikuwa 317. Waliolima ni hao. Maofisa wake nao walianzisha Mei 1783 chama kilichojiita kwa jina la Cincinnatus, naye akakubali kuwa rais wake wa kwanza, na sharti lake moja lilikuwa kwamba uanachama unarithiwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Walichukua jina la mkulima aliyekataa ukubwa wakaanzishia nalo ukubwa wa kurithi. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki.

Mtu wa daftari

Marcus Porcius Cato, anayeitwa Cato Mdogo ili asichanganywe na babu wa baba yake, alizaliwa mwaka 95 KK, wakati jamhuri ya Kirumi imeshaanza kuoza. Kura zilinunuliwa. Magavana walitoka majimboni na meli zimejaa.

Aliyetuachia picha yake nzuri ni Plutarch, mwandishi Mgiriki wa maisha ya watu mashuhuri. Cato alipopata kazi ya kusimamia hazina ya dola, mwaka 64 KK, alikuta makarani wazoefu wanaowaendesha vijana wa kisiasa wanaopita pale mwaka mmoja mmoja. Vijana hawakujua sheria za fedha. Makarani walizijua, na walijua pa kuzipinda. Cato alisoma sheria zote kabla ya kuchukua kazi. Akawafukuza waliokuwa wakila. Akalipa talanta 5, kipimo cha kale cha fedha, kutoka mfukoni kupata nakala za hesabu za miaka ya nyuma, tangu enzi za dikteta Sulla, akawa haachani nazo. Alikuwa wa kwanza kufika ofisini na wa mwisho kutoka.

Siku yake ya mwisho kazini umati ulimsindikiza hadi kwake. Kabla hajatulia akasikia kwamba kule hazina wakubwa wamemzunguka mwenzake Marcellus wakimlazimisha aandike malipo yasiyostahili. Marcellus alikuwa rafiki yake tangu utotoni, mtu mwema, lakini mwenye haya: hakujua kumwambia mtu hapana. Cato akageuka, akarudi. Akakuta malipo yameshaandikwa. Akaomba vibao vya hesabu, akayafuta kwa mkono wake, Marcellus amesimama kando kimya. Kisha akamchukua Marcellus, akamsindikiza nyumbani. Urafiki wao haukuvunjika.

Nikiulizwa kisa kimoja cha Kirumi ambacho mweka hazina wa leo anapaswa kukijua, nataja hicho.

Kipo na cha Kupro. Mwaka 58 KK Cato alitumwa kukichukua kisiwa hicho na kuuza mali ya mfalme wake. Alisimamia mnada kitu kwa kitu, akawachosha hata marafiki zake kwa kutomwamini mtu yeyote na bei. Zikapatikana karibu talanta 7,000 za fedha. Akazipanga kwenye masanduku, na kila sanduku akalifunga kamba ndefu yenye boya kubwa mwishoni, ili meli ikizama boya lielee na kuonyesha fedha zilipo. Hesabu akaziandika katika madaftari mawili, moja kwa mtumwa wake wa zamani aliyemwacha huru, moja akabaki nalo mwenyewe. La kwanza lilizama pamoja na meli. La pili liliungua kisiwani Corcyra, mabaharia walipokoka moto wa kujikinga na baridi na mahema yakashika. Fedha zilifika Roma, madaftari hayakufika. Plutarch anasema ilimuuma sana, kwa kuwa alitaka madaftari yale yawe kielelezo kwa wengine.

Hapa nina neno. Kupro haikuwa imekosa kitu. Roma iliitaka mali yake, na mfalme wake alijiua kuliko kuipokea aibu hiyo. Hesabu za Cato zilikuwa safi, na zilikuwa hesabu za unyang'anyi. Mtu mwadilifu aweza kufanya kazi chafu kwa uadilifu mkubwa. Anayemchagua Cato ajiulize mara kwa mara: ninachokihesabu kwa makini hivi kimetoka wapi?

Udhaifu wake mwingine ulikuwa kutokujua kukutana na mtu katikati ya njia. Pompey, jemadari mwenye nguvu kuliko wote, aliomba kuoa katika familia yake; Cato akaona hiyo ni rushwa ya namna nyingine, akakataa. Pompey akaenda akamuoa Julia, binti ya Julius Caesar, na wawili hao walipoungana jamhuri ikawa haina wa kuisimamia. Plutarch mwenyewe anaona kukataa kule kulichangia. Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu aliyekuwa upande wake, alilalamika katika barua kwamba Cato anaongea utadhani yuko katika nchi aliyoiwaza mwanafalsafa Plato, kumbe yuko miongoni mwa watu wa Roma na takataka zao. Mwisho, mwaka 46 KK, Caesar akiwa ameshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, Cato alijiua mjini Utica, pwani ya Tunisia ya leo, ili asipokee msamaha kutoka kwa mtu ambaye kwake hakuwa na haki ya kusamehe. Kizazi baada ya kizazi kimesifia kifo kile. Mimi sikisifii. Watu wa Utica waliokuwa wakimtegemea walibaki bila yeye.

Lakini nguvu ya jina lake baadaye ilikuwa kubwa ajabu. Mwingereza Joseph Addison alitunga tamthilia juu yake mwaka 1713, na Mei 1778, baada ya majira ya baridi ambapo karibu askari 2,000 wa Washington walikufa kwa maradhi kambini Valley Forge, tamthilia hiyo ilichezwa palepale kambini mbele yake. Fikiria: askari waliotoka kwenye njaa na homa, wanatazama mtu anayeshindwa vita na kukataa kuinama. Miaka 10 baadaye, nchi ikibishana juu ya katiba, waliopinga waliandika magazetini wakijiita Cato na Brutus, na walioitetea wakajiita Publius. Kila upande ulikuwa na Mrumi wake.

Onyo kutoka Paris

Kuna Mrumi wa tatu ambaye wengine watakushawishi umchague, na nitampitia haraka. Lucius Junius Brutus, anayesemekana kumfukuza mfalme wa mwisho wa Roma mwaka 509 KK, aliwahukumu kifo wanawe mwenyewe kwa kula njama ya kumrudisha mfalme. Mchoraji Jacques-Louis David alimchora mwaka 1789, amekaa gizani huku miili ya wanawe ikiingizwa ndani, na wanamapinduzi wa Ufaransa wakampenda. Tarehe 5 Februari 1794 Robespierre, mmoja wa viongozi wao, aliliambia Bunge kwamba uadilifu bila kitisho hauna nguvu, na kitisho bila uadilifu ni maangamizi. Wakachinjana. Julai mwaka huohuo kisu kikamfikia yeye. Ukiona kiongozi anapima uadilifu wake kwa idadi ya watu aliowaadhibu, ondoka kwenye kikao hicho.

Wanapoachana

Uadilifu wa Cincinnatus una siku yake. Siku ya kuachia, watu wanashuhudia, wanapiga makofi, mchongaji anatafuta jiwe. Wa Cato hauna siku. Ni Jumanne ya kawaida, karatasi imeletwa isainiwe, na ukikataa hakuna wa kukupigia makofi. Kuna wa kukununia.

Cincinnatus pia alikuwa na pa kurudi, na jambo hili tunalipuuza sana tunapowalaumu wanaong'ang'ania. Ekari mbili na nusu si utajiri, lakini zilikuwa zake na zilimlisha. Washington alikuwa na Mount Vernon. Nyerere alikuwa na Butiama, na alirudi kulima kweli. Kiongozi ambaye nje ya cheo hana shamba, hana kazi, hana pensheni, ukimwambia ang'atuke unamwambia ajitupe. Kabla ya kugombea, jiulize utarudi wapi. Cato hahitaji pa kurudi, ila anahitaji moyo wa kuvumilia upweke, na si kila mtu anao.

Afrika yetu imewasoma Warumi hawa pia, kupitia Shakespeare zaidi. Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akajenge chama, na mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili. Kule Robben Island, Nelson Mandela aliweka sahihi yake tarehe 16 Desemba 1977 kando ya maneno ya tamthilia hiyohiyo kuhusu mwoga anayekufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Kisha akatawala kipindi kimoja, 1994 hadi 1999, akaondoka. Sababu zao zilikuwa za kwao, za hapa. Lakini walizijua hadithi hizi.

Na lipo ambalo Warumi wote wawili walilikosa. Wao waliziita sifa hizi virtus, neno lililotoka kwenye vir, mwanamume. Sisi tunasema utu, kutoka mtu. Usiku wake wa mwisho Cato alimpiga mtumwa ngumi ya mdomo hadi mkono ukamvimba, na Plutarch anaendelea na hadithi. Msomaji mwenye neno utu kichwani hawezi kuendelea upesi hivyo.

Basi yupi?

Kama wewe ndiye mwenye cheo cha juu, na katiba yenu inakupa mwanya wa kuongeza muda, mshike Cincinnatus. Tangaza siku yako ya kuondoka mapema, mbele ya watu wengi, ili usiweze kuibadilisha kirahisi.

Kama uko chini ya mwenye cheo, au umeshika fedha, mihuri, mitihani, zabuni au orodha ya wapiga kura, Cincinnatus hatakusaidia. Kuondoka kwako hakutaokoa kitu. Wanaotaka kula watafurahi umeondoka. Mshike Cato wa hazina. Simsemi Cato wa Utica. Soma sheria kabla ya makarani kukusomea. Weka nakala mbili, na usizisafirishe njia moja.

Na ikiwa wewe ni mwenye haya kama Marcellus, usijilazimishe kuwa Cato. Tafuta Cato mmoja umweke karibu nawe.

Washington, kwa kweli, hakuchagua. Mwaka 1775 alikataa mshahara wa ukamanda akaomba arudishiwe gharama tu, akaziandika kwa mkono wake miaka yote ya vita, na mwaka 1783 akakabidhi hesabu pamoja na cheo. Daftari lilitangulia, makofi ya Annapolis yalikuja mwisho. Ndiyo maana upande wangu ni Cato kwanza. Kung'atuka kwa mtu ambaye hesabu zake hazijulikani ni kutoroka.

Kwenye kikundi chetu sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mwaka wangu wa nne, mwanachama mmoja, mtu tuliyekua pamoja, aliniomba niandike Jumamosi kwamba amerejesha mkopo, pesa ataleta Jumatatu. Sikuandika. Alinyamaza muda mrefu. Kikao kilipokwisha nilimsubiri afunge viatu, tukatembea pamoja hadi kwao, na njiani tulizungumza habari za mvua. Mwaka wa sita nilimkabidhi mrithi wangu ufunguo, daftari, na nakala ya daftari iliyokuwa ikikaa kwa dada yangu. Alizikagua kwa mchana mzima, ukurasa kwa ukurasa, nami nimekaa nje namsubiri amalize.